Wakala wa meinfremu anatuharibia faili njiani, kisha anailaumu Java yetu

Wakuu, salaam kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Huu ni mwezi wa tatu chama chetu cha akiba na mikopo kinapokea faili za makato ya wanachama kutoka kwa wakala wa malipo aliye nje ya nchi, ambaye bado anaendesha programu za COBOL, lugha ya zamani ya programu za biashara, kwenye meinfremu, yaani kompyuta kubwa za taasisi, na miezi yote mitatu faili zimefika zimeharibika. Tukilalamika, tunajibiwa kwamba programu yetu ya Java ndiyo mbovu.

Meinfremu huandika herufi kwa EBCDIC, msimbo uliokuja na kompyuta za IBM System/360 mwaka 1964, ilhali seva yetu ya Linux inatumia msimbo mwingine, ASCII, na jamaa zake. Wakala huyu hutuma kwa FTP, njia ya kuhamishia faili mtandaoni, katika hali ya maandishi, kwa hiyo kila baiti hutafsiriwa njiani, hata zile ambazo si herufi. Majina hutoka safi, naye hujidai kwa hayo majina. Lakini fedha zimeandikwa PIC S9(7)V99 COMP-3, yaani tarakimu mbili katika kila baiti, na nusu baiti ya mwisho ni alama ya chanya au hasi. Shilingi 40,000 huandikwa 00 40 00 00 0C (kwa heksadesimali; tarakimu mbili za mwisho ni senti, na C ni alama ya chanya). Katika EBCDIC, 40 ndiyo nafasi tupu kati ya maneno, na katika ASCII nafasi hiyo ni 20. Basi tunapokea 00 20 00 00 0C, ambayo ni shilingi 20,000, namba halali kabisa isiyoshtua programu yoyote. Laiti ingeleta hitilafu! Tulikuja kugundua pale mzee mmoja alipopanda gari kutoka Tukuyu, kwa nauli yake, akiwa na hati ya mshahara mkononi, akauliza nusu ya akiba yake imeliwa na nani. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani.

Wanatushauri tugeuze tafsiri hiyo upande wetu. Kwa jedwali lipi, ikiwa hawasemi walilotumia, na baiti zilizofanana na alama ya mwisho wa mstari zimekwisha kuikata rekodi vipande?

Tunachotaka ni faili itumwe katika hali ya bainari, yaani bila kutafsiriwa njiani, pamoja na kopibuku yake, ile orodha ya COBOL inayoeleza mpangilio wa sehemu za rekodi, kwa sababu nukta ya desimali inayoonyeshwa na ile V haimo ndani ya faili, wala faili haisemi sehemu moja inaishia wapi. Kopibuku tumeiomba mara nne. Tumeletewa picha ya skrini iliyokatwa pembeni. Tukivipata hivyo viwili, Java itageuza herufi kwa Cp1047, jedwali mojawapo la EBCDIC, penye herufi tu, na fedha itazisoma baiti kwa baiti hadi kwenye BigDecimal, aina ya namba ya Java inayotunza desimali kamili. Maktaba ya JRecord husoma hata kopibuku yenyewe.

Faili ya mwezi huu inakuja Ijumaa. Aliyewahi kumbana wakala wa namna hii kwa kipengele cha mkataba, naomba aniandikie hapa kilisomekaje.