Waliowahi kushuka mto Kongo, Kisangani–Kinshasa, tupeane uzoefu

TshopoYetu: Leo nimepita bandarini nikakuta balenyeri, boti kubwa ya mbao yenye injini, inapakia. Magunia ya mchele chini, bidoni (madumu) za mawese juu yake, watu juu ya bidoni, pikipiki zimefungwa kamba ubavuni. Ukingo wa mbao umebakiza shubiri moja tu kufika majini. Tumbo likanicheza. Mliowahi kushuka hadi Kinshasa, zile kilomita 1,700 na ushee, semeni yaliyowakuta.

MamaLisala: Shubiri nzima? Una bahati, baba. Yetu ilibakiza vidole vinne na komisera wa mto, ofisa anayekagua boti, akagonga muhuri.

Barubaru_Bumba: Kiangazi ndiyo balaa. Maji yakishuka mchanga unahama, ulipopita mwezi uliopita unakuta kisiwa. Kijana wa mbele anachomeka mti mrefu, anapaza sauti kina kilivyo, nahodha anakata kona. Siku kijana anasinzia, mmekwama. Sisi tulikaa juu ya mchanga hadi unga ukaisha, tukawa tunanunua kwanga, mikate ya muhogo, kwa wenye mitumbwi. Bei walipanga wao, na walijua hatuna pa kwenda.

MamaLisala: Hao wenye mitumbwi ndio wanaotuokoa, uwaheshimu.

Barubaru_Bumba: Nimewaheshimu, mama, hadi pesa ikaisha.

Pwani_ya_Ruki: Sikutaka kuandika ila mmenigusa. Tulitoka Bumba giza limeingia. Boti isiyo na taa haina ruhusa kutembea usiku, kila mtu anajua, na nahodha alisubiri giza makusudi asisimamishwe. Taa yake ilikuwa tochi ya mkononi. Nimejilaza juu ya magunia ya mahindi karibu na injini, pembeni mama mmoja na kichanga chake ananisimulia visa vya mama mkwe wake, tunacheka. Kikasikika kishindo chini, kama mtu kapiga mlango shoka. Kisiki.

Maji yenyewe hayakuwa mengi. Kilichotuua ni mbio. Wa kulia walisikia miguu imelowa, wakakimbilia kushoto wote, mzigo ukawafuata, boti ikalala. Nikajikuta chini ya turubai la mvua, nalo limefungwa pande zote. Nilipapasa watu, sikupapasa kamba, hadi mkono ukapata mwanya. Nje ni giza na majina tu, kila mtu anamwita wake. Bidoni tupu likanigonga kichwani, nikalikumbatia. Mama yule nilimsikia akiita, kisha sikumsikia tena. Wavuvi walituokota hadi alfajiri. Kulipokucha wakuu wakauliza tulikuwa wangapi. Nani ajue? Waliopandia vijijini hawakuandikwa popote.

TshopoYetu: Pole sana ndugu yangu.

Mzee_wa_Barge: Nahodha huyo ni muuaji, afungwe.

Mchuuzi_Isangi: Afungwe na mwenye mzigo pia. Nahodha akisema imejaa, tajiri anamwambia wapo wengine wanaotafuta kazi.

Mzee_wa_Barge: Tajiri ndiye wewe, Mchuuzi. Panda ndege basi.

Mchuuzi_Isangi: Ndege na magunia yangu ya mchele, baba? Au nipite barabara ipi, nionyeshe.

MamaLisala: Acheni kugombana. Pwani, na kichanga?

KinduMoja: Huku kwetu Kindu kushuka Ubundu ni yale yale. Afadhali Ubundu mto wenyewe unakulazimisha kuteremka botini, mbele ni maporomoko ya Boyoma. Unapanda treni kilomita 125 hadi Kisangani, kama ipo.

MamaLisala: Treni baadaye. Na kichanga?

Dada_Mbandaka: Mimi nasema moto. Aprili 2025 hapa kwetu Mbandaka boti iliwaka mtu akipika, waliripotiwa kufa zaidi ya 140. Usipande wanapopika karibu na mafuta.

Barubaru_Bumba: Utakula nini wiki nzima, dada? Maombi?

Dada_Mbandaka: Mihogo mikavu na karanga. Na ukae mbali na turubai.

Mzee_wa_Barge: Ukae ndani ya turubai, mvua ya mto itakumaliza kwanza. Vaa jaketi la kuokolea.

Mchuuzi_Isangi: Nililokodishwa mimi ndani lilikuwa sponji ya godoro. Linakunywa maji kuliko Mzee anavyokunywa pombe.

Pwani_ya_Ruki: Samahani, betri iliisha. Mtoto yupo hai. Mvuvi alimkuta juu ya godoro linaloelea. Yuko Bumba, analelewa na bibi yake, huyo huyo mama mkwe.

MamaLisala: Asante Mungu. Nimelia mbele ya wateja.

Kijana_Makiso: Shikamooni. Nashuka Kinshasa mwezi huu, nina mbuzi wanne. Barge, ile bapa ya chuma inayosukumwa na boti, au balenyeri?

Mzee_wa_Barge: Barge.

Mchuuzi_Isangi: Barge itakuchukua mwezi, mbuzi watakuwa wawili.

Dada_Mbandaka: Uza mbuzi hapo Kisangani, mdogo wangu.