Naomba ushauri: akina mama wa mafuriko Mathare tuwape pesa au vitu?

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Chama chetu cha akina mama hapa Huruma, Nairobi, kimechangisha pesa kidogo kusaidia familia zilizofagiliwa na maji kando ya mto Mathare. Wengi ni wapangaji wa vyumba vya mabati, mama analea peke yake.

Wenzangu wanataka tununue unga, blanketi na sodo. Mimi naona heri tuwatumie kwa M-Pesa, kila mtu ajipangie, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi kwa unga. Kuna mmoja analala darasani na watoto wake, amepewa pakiti za unga zimejaa kona nzima na hana hata sufuria ya kusongea. Lakini sodo nakubali, wengi huzisahau kabisa.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni orodha. Mzee wa nyumba kumi ametuletea majina, na nikipitia naona wenye nyumba na jamaa zao. Mnakumbuka 2024, nyumba zilipobomolewa ndani ya mita 30 kutoka mtoni na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia? Kelele za nani amepata na nani ameachwa hazikuisha.

Tutahakikishaje majina bila kukosana na mzee? Na mwenzetu anayetaka kupiga picha watoto wakipokea msaada ili awaonyeshe wachangiaji, tumkatalie vipi? Waliowahi kugawa msaada Mukuru au Kibra, nisaidieni.