Niuze mashine mbili za santuri za Technics na mikisa nichukue pleya moja kali? Nahamia nyumba ndogo, naombeni ushauri

Mzee_wa_Chemko (Dar)
Wakuu habari za jioni. Mwisho wa mwezi nahama, natoka nyumba nzima Magomeni naenda Kimara, vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe ukiweka kochi na kabati la tivii imeisha. Nna mashine mbili za santuri, mikisa ya kuchanganya sauti zake, ampu na spika mbili kubwa za kusimama chini, vyote kaniachia mjomba alipoacha kupiga disko. Mimi ukumbini sipigi, nasikiliza mwenyewe jioni nikitoka kazini. Sasa nawaza niuze vyote, hela nichukue pleya moja tu ila ya maana, yenye sauti safi kuliko hizi. Mmoja kaniambia Rega, mwingine Audio-Technica, mwingine anasema nikiuza hizi nitajuta maisha. Mnasemaje? Mteja kashapiga simu mara mbili anataka jibu kabla ya Jumamosi.

FundiRedio_Gerezani (Dar)
Mkuu umeandika mengi ila yanayotakiwa hujayasema. Technics ipi? Katriji gani, kile kichwa chenye sindano? Ampu ina fono, ile sehemu ya kukuza sauti ndogo ya sindano, au ulikuwa unapitishia kwenye mikisa? Maana ukiuza mikisa ukabaki na ampu isiyo na fono, hiyo pleya mpya utaichomeka utasikia sauti nyembamba iko mbali haina besi, utadhani umeuziwa mbovu. Na bajeti taja.

BengaPeke (Nairobi)
Na santuri zako ni LP, zile kubwa za mizunguko 33 kwa dakika, ama ni 45, zile ndogo za mizunguko 45? Hapo ndipo kila kitu kinaanzia bana, watu hununua mashine kabla hawajahesabu santuri.

Mzee_wa_Chemko
Samahani wakuu. Zote mbili ni SL-1200MK2, katriji Shure M44-7. Ampu ni ya ukumbini, nimeenda kuangalia nyuma sasa hivi, kweli haina fono, fono iko kwenye mikisa. Santuri kama 400, zaidi ya nusu ni 45 za dansi na za Kikongo. Mteja anatoa milioni 2 na laki 8 kwa mashine zote mbili na mikisa, nikiongeza akiba yangu inafika milioni 3 na nusu.

FundiRedio_Gerezani
Basi jibu liko hapo hapo kwenye M44-7. Ile ni katriji ya dijei, imetengenezwa ing'ang'anie mfereji hata mtu akisugua santuri mbele nyuma, haikutengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi anataka kusikia gita la pili linafanya nini. Uza mashine MOJA, uza mikisa, uza spika kubwa. Inayobaki ifunge Ortofon 2M Blue au Audio-Technica VM95ML, nunua pri-ampu ndogo ya fono na spika za kuweka mezani. Mashine yenyewe usiiguse. MK2 ilitoka 1979, mpaka leo nikifungua nakuta mota imetulia, ukiona inasumbua mara nyingi ni pichi, ile slaida ya kurekebisha mwendo, ina vumbi au waya wa mkono wa sindano umechoka. Na hiyo M44-7 usiitupe, Shure waliacha kutengeneza katriji 2018, kuna watu wanazitafuta.

Upanga_Mkimya (Dar)
Naheshimu fundi ila sikubaliani naye. Mimi nna Rega Planar 3 mwaka wa sita huu, nilitoka kwenye Technics kama yeye. Ule ukimya unaokuwepo kabla wimbo haujaanza nilikuwa siujui. Mtu anasema anataka sauti safi, wewe unamwambia abaki na mashine ya ukumbini? Planar 3 ni nyepesi, haina makorokoro, inakaa juu ya kabati dogo, na yeye shida yake nafasi.

BengaPeke
Upanga, mwenzako ana 45 zaidi ya mia mbili. Rega yako kutoka 33 kwenda 45 lazima utoe sahani inayobeba santuri, uhamishe kwa kidole ule mkanda wa mpira unaoizungusha, urudishe sahani. Na hizi 45 zetu wimbo mmoja umekatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, gita linaanza kuchemka tu unainuka kugeuza. Ukitaka kuchanganya LP moja na 45 tatu hapo katikati si utachoka? Technics ni kubonyeza kitufe.

Upanga_Mkimya
Nazipanga. Leo LP, kesho 45. Si kazi.

Mwl_wa_Njiro (Arusha)
Ndugu Chemko, kabla hujanunua chochote cha mkanda kilichotumika naomba unisome mpaka mwisho, maana mimi ilinikuta na sitaki imkute mwingine. Mwaka juzi nilinunua pleya ya mkanda ya zamani imetoka Marekani kwenye kontena, nzuri, mbao yake inang'aa, muuzaji akaniambia ni ya volti 120 nitafute transfoma tu. Nikatafuta transfoma, nikafunga, taa ikawaka, sahani ikazunguka, nikaweka santuri ya baba yangu ninayoijua tangu niko mdogo. Mwimbaji sauti imeshuka, mzito, anavuta maneno kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikajua mkanda umelegea. Nikaagiza mkanda Nairobi, vile vile. Nikampelekea fundi wa kwanza akasafisha mota akatia oili, vile vile, wa pili akaniuzia transfoma kubwa zaidi, vile vile, hela inakwenda na mke wangu ananiangalia tu. Miezi minne. Mpaka mzee mmoja pale Kilombero akaigeuza chini akasoma kibati, akaniuliza mwalimu hapa pameandikwa hezi ngapi? 60. Hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde, na umeme wetu ni hezi 50. Mota za aina ile zinafuata hezi wala si volti, kwa hiyo transfoma unashusha volti lakini mwendo unabaki ule ule wa pungufu, santuri ya 33 inazunguka kama 28 hivi. Dawa yake ni puli nyingine ya hezi 50, yaani kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, pana zaidi, na kwa toleo langu sikuipata mpaka leo. Iko kabatini. Yaani kila nikifungua kabati roho inaniuma. Sasa Technics zako zina kwatzi, kijiwe kinachoshika mwendo, mwendo wake hautegemei hezi za ukutani, ndio maana nakusihi ufikirie mara mbili.

FundiRedio_Gerezani
Mwalimu pole sana. Ila hii iandikwe kwa herufi kubwa, kila mwezi naletewa mbili tatu za hivyo. Soma kibati nyuma ndio utoe hela.

Mzee_wa_Chemko
Mwalimu asante, hilo nilikuwa silijui kabisa. Kuna kitu pia sikuwaambia, nilikiona leo wakati wa kupakia. Chini ya santuri za mjomba kuna boksi la babu yetu wa Unguja, santuri nzito nyeusi kama thelathini, zimeandikwa 78, baadhi zina ile picha ya mbwa na gramafoni. Moja imepasuka. Na hizo zinapigwa na hii Technics?

BengaPeke
WACHA! Ungesema hii kitu kwanza kabisa!

Bi_Shangani (Unguja)
Mwanangu, kwanza shusha boksi hilo taratibu, usizilaze nyingi juu ya nyingine, zisimamishe. Hizo zinavunjika kama kigae, si plastiki kama santuri za kwenu. Pili usizipige kwa sindano uliyonayo, ncha ya LP ni nyembamba kwa mfereji ule, inazama chini inaburura uchafu na unaziumiza. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alikwenda Bombay 1928 akarekodi kwa hao hao wa picha ya mbwa, kampuni ya HMV, na majumba mengi hapa santuri zake zilikuwepo, zikapondwa, zikaliwa na unyevu, watoto wakazirusha. Sisemi unazo, lakini soma karatasi ya katikati moja moja kwa makini kabla ya mteja yeyote hajatia mkono. Na nakuomba, boksi hilo usimuuzie mtu.

FundiRedio_Gerezani
MK2 ina 33 na 45 tu, 78 haina. Hapo Audio-Technica LP120X ndio inaingia, ina zote tatu na fono iko ndani. Unachukua katriji ya VM95, sindano ya 78 inauzwa peke yake, unachomoa hii unachomeka ile kwenye katriji ile ile. Ila ile ya 78 inataka uzito mkubwa kwenye mkono, kwa hiyo uliza kwanza kama mkono wa mashine unafika huo uzito. Sauti ya LP120X haifiki MK2 yenye katriji nzuri, nakwambia ukweli.

Upanga_Mkimya
Kwa hiyo abaki na mashine mbili? Si alisema anapunguza?

Kijana_wa_Temeke (Dar)
Hizo 78 zifute kwanza na spiriti na pamba zitang'aa, mimi ndio nafanyia LP zangu.

Bi_Shangani
Usifanye hivyo hata kidogo!! Zile ni za shelaki, spiriti inaiyeyusha. Utaifuta na sauti yenyewe. Maji kidogo ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, karatasi ya katikati isilowe, kisha kitambaa kikavu, unasimamisha kivulini.

Kijana_wa_Temeke
Sawa bibi shkamoo, sikujua. LP je?

Bi_Shangani
Marahaba. LP sizijui sana, muulize fundi.

BengaPeke
Na huyo mteja wa Jumamosi ni nani? Huku kuna watu huzunguka mpaka vijijini wakinunua boksi nzima kwa bei ya soda, halafu santuri zinaenda Ulaya, sisi tunabaki kuzisikiliza kwa simu. Za bendi zenu pia, nyingi zilirekodiwa RTD, Radio Tanzania, tepu zikaletwa Nairobi kuchapwa, mkiuza hizo mmeuza za kwetu sote.

Kijana_wa_Temeke
Nairobi mlichapa ila nyingine zina kelele toka mpya, mzee wangu analalamika mpaka leo.

BengaPeke
Kelele ni sindano ya mzee wako bana. Nina za 1974 hapa ziko safi.

Mwl_wa_Njiro
Tusigombane, tumsaidie mwenzetu. Chemko, mteja umemjibu?

Mzee_wa_Chemko
Nimempigia nimemwambia asubiri, boksi la babu sijamtajia. Jana nimekaa na taa nikasoma karatasi za katikati, nyingine zimefutika, nyingine Kiarabu, mbili zina jina ambalo mama amelisoma akanyamaza muda mrefu. Nitazipeleka Unguja Bi Shangani akiniruhusu. Mashine moja sasa nadhani nitabaki nayo ila katriji bado, 2M Blue au VM95ML sijaamua, na ya 78 sijui nianzie wapi. Spika kubwa kwa kweli haziingii mlangoni, hizo zinauzwa.

Bi_Shangani
Karibu mwanangu, njoo nazo wima, na uzishike mwenyewe kwenye boti.

Kijana_wa_Temeke
Mkuu hizo spika ni inchi ngapi? Nna kirikuu, Jumapili naweza kuja Magomeni.