Naomba ushauri: video ya kombo iweje ndipo mtu aitazame mpaka mwisho?

Kona_ya_Umoja (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijakaa kwenye kompyuta kuhariri.

Huku kwetu Umoja, Nairobi, kuna kibanda cha gemu ambako vijana tunakutana. Kuna PS4 zenye gemu ya kupigana ya Tekken 7 na PS5 moja yenye Tekken 8, na foleni ya hiyo moja hufika mlangoni. Tumekubaliana kutoa video ya kombo (mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata nafasi ya kujikinga) za kibanda kizima tuiweke YouTube. Klipu zimejaa. Shida ni kwamba kila mtu ana lake kuhusu video nzuri. Kuna wanaosema ni damu tu, yaani uhai wa mpinzani kwenye skrini: kombo inayokula damu nyingi iingie, iliyobaki itupwe. Wengine wanataka danadana, mtu akae hewani hadi atue ukutani, hata kama imemla damu kidogo. Mimi naona zote zinachosha baada ya dakika moja, lakini bado sijapata maneno ya kueleza kwa nini, na bila hayo sitajua nichague nini.

Nyinyi mnaozitazama sana, ni nini kinawafanya mbaki? Na ni nini kinawafanya mfunge?

PigoLaPili

Utangulizi wa nusu dakika, jina la chaneli linazunguka kwenye moshi. Hapo hapo nafunga.

Fremu_kwa_Fremu

Ndugu, kwanza acha kupima kombo kwa damu au kwa urefu. Kila klipu iulize: inamwonyesha mtazamaji kitu gani ambacho hakujua kwamba gemu inaruhusu? Ikikosa jibu itoe, hata kama ni ya rafiki yako wa damu.

Kombo zenyewe zilizaliwa hivyo. Street Fighter II ilipokuwa ikitengenezwa, kabla haijatoka 1991, Noritaka Funamizu wa Capcom, kampuni iliyoitengeneza, alikuwa akikagua ile hatua ya kuvunja gari akaona kwamba pigo moja linaweza kuingizwa juu ya jingine. Hakuna aliyekuwa amelipanga jambo hilo. Wakaliacha ndani kwa kudhani ni gumu mno, na wachezaji wakalifichua wenyewe kwenye mashine. Skrini ilikuja kuanza kuhesabu mapigo kwenye Super Street Fighter II, 1993. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza utamu wa kombo ni kugundua. Namba inayopanda pembeni ilikuja baadaye.

Hao wa danadana uwaeleze pia kwamba gemu karibu zote hupunguza nguvu ya mapigo kadiri kombo inavyorefuka. Mapigo ya mwishoni yanatoa tone tone. Danadana ndefu ina haki ya kuingia ikiwa imempeleka mtu mbali, tuseme imemtoa katikati ya uwanja ikamfikisha ukutani ambako hakuna aliyetarajia afike. Ikiwa imezunguka palepale, mapigo matatu ya kwanza yametosha. Ndiyo maana hata Magneto wa Marvel vs. Capcom 2 na kombo yake isiyoisha huwa haniweki kwenye kiti. Mizunguko miwili nimeelewa, wa tatu natafuta video nyingine.

Sasa nikuonyeshe kwa klipu moja. Chukua Kazuya wa Tekken. Ile ngumi yake ya umeme, Electric Wind God Fist, inataka kitufe cha ngumi kibonyezwe kwenye fremu ileile ambayo mwelekeo unafika chini-mbele. Fremu ni moja ya 60 ya sekunde. Ukianza klipu ngumi ikiwa imeshagonga, mtazamaji anaona mtu anapaa, basi. Ianze nusu sekunde kabla: mpinzani anarusha teke, Kazuya anarudi nyuma hatua moja, teke linapita patupu, halafu ule mwale wa buluu. Hapo mtazamaji ameona kosa, ameona adhabu, na kila pigo linalofuata lina sababu. Na pigo la mwisho likitua usikate papo hapo. Mwache aanguke, tuone amelala wapi na Kazuya amesimama wapi, kwa sababu anayecheza anataka kujua kama anaweza kumkaba tena akiamka.

Mzee_wa_Sarafu

Vijana, mimi ni wa enzi za mashine za sarafu, niruhusuni nichangie.

Klipu ambayo dunia nzima ya gemu za kupigana inaijua ni ya mashindano ya Evo 2004 kule California. Street Fighter III: 3rd Strike, Daigo Umehara akimcheza Ken, Justin Wong akimcheza Chun-Li. Ken amebakiwa na damu kiduchu, kiasi kwamba hata akikinga zile teke za super (shambulio kuu) ya Chun-Li anakufa kwa michubuko. Daigo akazipangua zote 15 bila kupoteza damu, moja moja, ya mwisho akiwa hewani, akashuka na kombo yake ikamaliza raundi. Ukumbi ukalipuka.

Kombo aliyomalizia ni ya kawaida kabisa kwa Ken. Mtu yeyote aliyemcheza Ken anaijua. Kilichoifanya ikae vichwani miaka yote hii ni kwamba tulijua damu iliyobaki. Kwa hiyo mleta uzi, mstari wa damu usiufunike na nembo yenu. Nawaomba sana. Naona vijana wanabandika picha kubwa juu ya skrini na kufunika kitu pekee kinachoniambia kama niwe na wasiwasi.

Fremu_kwa_Fremu

Mzee wetu nakuheshimu, ila hiyo ni mechi. Video ya kombo inafanyika kwenye chumba cha mazoezi, mpinzani anafanya ulichompangia tu, hakuna ukumbi wa kulipuka. Msisimko wa mechi hauwezi kuuchukua ukaupeleka kule. Ninachokubali ni hicho cha mistari. Kwenye Street Fighter 6 ndiyo zaidi: geji ya Drive (akiba ya nguvu) ina vipande sita, na kukatiza pigo kwa Drive Rush (kuchomoka mbele) kunakula vitatu. Nikiona kombo imemaliza vyote sita pamoja na super, na mpinzani bado anapumua, najua aliyeipiga sasa yuko taabani. Nikiona imeua kwa vipande vitatu, hiyo ni hazina. Ukikata sehemu hiyo ya skrini, kombo hizo mbili zinafanana.

Dada_Pembetatu

Kaka Kona, hakuna aliyegusa hili: watakaoitazama watakuwa kwenye simu, tena kwa bando. Mimi mwenyewe natazamia kwenye matatu nikitoka kazini.

Kwa hiyo ule mstari wa vitufe vinavyoshuka pembeni, mkiukuza kidogo tu hausomeki. Afadhali kombo uiandike mara moja, kwa herufi kubwa, juu ya skrini (chini ndiko vitufe vya kusimamisha video vinakotokea). Tumia namba za Tekken ambazo dunia nzima inazisoma: 1 mkono wa kushoto, 2 mkono wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 mguu wa kulia. Mchezaji wa Korea ataisoma bila kujua neno letu hata moja. Kenya tuna Sylvia Gathoni, Queen Arrow, ambaye Tekken imemtambulisha nje ya mipaka, kwa hiyo tusidhani tunatazamwa na mtaa peke yake.

Pia andika masharti. Kama kombo inashika pale tu pigo la kwanza lilipomkuta mpinzani akiwa anashambulia, sema. Kama inawashika wenye miili mikubwa tu, sema. Hakuna kinachoudhi kama kukaa usiku mzima unajaribu kitu, kumbe kinafanya kazi kwa Kuma, yule dubu, pekee.

PigoLaPili

Na kama umetumia programu ya kubonyeza vitufe kwa niaba yako, iandikwe mwanzoni kabisa. Video za namna hiyo napenda kuzitazama, zinaonyesha mwisho wa gemu uko wapi. Lakini nataka kujua kama natazama vidole.

Kona_ya_Umoja

Hakuna programu, vyote ni vidole. Dada asante sana kwa hilo la simu, sikuwa nimesikia mtu akilitaja.

Maswali mawili. Klipu za Tekken 7 kutoka PS4 zikiwekwa kando ya zile za PS5 zinaonekana nzito, kama zinakwama. Nirekebisheje? La pili ni gumu zaidi: kibandani kila mtu anataka yake iingie. Nikitoa za watu nusu nzima, nitakaa nao vipi kesho yake?

Ukutani254

La kwanza naliweza. PS4 ikirekodi yenyewe inarekodi fremu 30 kwa sekunde, gemu inaenda kwa 60. Nusu ya mwendo umeachwa nje, na hakuna kuhariri kutakakoirudisha. Rekodi upya kupitia kifaa cha kunasa picha cha HDMI kwenda kwenye kompyuta, programu ya OBS uiweke fremu 60. Kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya mfumo, uzime HDCP (kinga ya kuzuia kunakili picha), la sivyo kompyuta itakuonyesha weusi mtupu. Ukimaliza, pandisha YouTube kwa 720p au zaidi, maana chini ya hapo fremu 60 hazipiti.

Muziki: usichukue wimbo unaovuma redioni, YouTube itautambua. Tafuta prodyuza wa mtaani akupe biti kwa maandishi. Na sauti za gemu ziache zisikike. Ngumi ikigonga bila mlio naona kama imekosa. Sihitaji kila pigo liangukie kwenye biti. Pigo la kumrusha na pigo la ukuta yakiangukia, inatosha.

Mzee_wa_Sarafu

La pili niachieni. Usichague kwa watu, chagua kwa wahusika. Waambie leo, kabla hujafungua klipu hata moja: kila mhusika ana nafasi mbili, na kombo inaingia kama mwenyewe ataipiga tena mbele ya wote. Atakayeshindwa kuirudia hatakulaumu wewe. Jina la aliyeipiga liwe kwenye kona kwa muda wote wa klipu yake, lisingoje mwisho ambako hakuna anayefika. Na yule ambaye kombo yake haikuingia mpe kazi ya kukaa nawe kupanga mfuatano. Akiona mwenyewe kombo mbili za Jin zinazofanana zimefuatana, atakuwa wa kwanza kusema moja itoke.

Fremu_kwa_Fremu

Mzee amesema. Naongeza la mfuatano: usipange kutoka damu kidogo kwenda nyingi, baada ya klipu ya nne kila mtu anajua kinachokuja. Ile fupi iliyowashangaza hata nyinyi pale kibandani iweke ya pili au ya tatu. Na dakika tatu zinatosha. Zikibaki klipu nzuri, hiyo ni video nyingine.

Kona_ya_Umoja

Nimewaelewa. Jumamosi asubuhi kabla foleni haijaanza, mwenye kibanda ametukubalia mashine zote, kila mtu anarudia yake mbele ya wenzake. Mbili kwa kila mhusika. Kuna dogo mmoja ana kombo ya Eddy ya mapigo machache tu, inaanzia akiwa ameupa ukuta mgongo na inamalizikia mpinzani akiwa ndiye aliye ukutani. Wale wa damu walikuwa wameitoa. Hiyo inaingia ya pili.

Kilichobaki ni kifaa cha HDMI. Bei nilizoulizia Luthuli zimenizidi kwa sasa. Kuna mwenye chake anayeweza kutuazima siku moja?

Ukutani254

Ninacho, na niko Buruburu. Niandikie kwa faragha, nitakuja nacho mwenyewe pamoja na laptopu. Njoo na waya wa HDMI wa pili, wangu ni mmoja.