Naomba ushauri: kifungio cha usalama cha bastola ya 1911 kwa anayetumia mkono wa kushoto

Ndugu wanachama, habari zenu. Nina bastola ya aina ya 1911, ya risasi za .45, ninayoimiliki kihalali hapa Texas kwa ajili ya kulenga shabaha, na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, kifungio chake cha usalama, kilicho upande wa kushoto pekee, hakifikiwi na dole gumba langu bila kulegeza mshiko. Nataka kuweka cha pande mbili. Katika baadhi ya aina, wenzo wa kulia hushikiliwa na ulimi unaoingia chini ya kibao cha mpini, ambacho huenda kikahitaji kuchongwa kidogo, na katika nyingine hushikiliwa na pini ndefu yenye mfuo. Ipi hudumu bila kulegea? Wenzo mpana unapendeza, lakini nahofia utashuka wenyewe, yaani kifungio kifunguke, ndani ya mkoba wa kiunoni. Kazi ya tupa nitamwachia fundi, kwani chuma kikiondolewa kupita kiasi kwenye sehemu ya kifungio inayozuia kishikio cha nyundo (kipande kinachoishika nyundo ya bastola ikiwa imevutwa nyuma), nyundo inaweza kuanguka kifungio kinapofunguliwa. Je, nimtake apime mambo gani mbele yangu kabla sijaipokea?