Naanzaje vita vya mezani vya sanamu ndogo, na je naweza kujitungia jeshi langu mwenyewe?

Kinamasi_Kikuu aliandika:

Habari wakuu. Nimekuwa nikiangalia video za watu wanaopigana vita vya mezani na vile visanamu vilivyopakwa rangi, wanapima kwa inchi, wanarusha dadu, na kusema kweli nimenasa, silali mapema siku hizi. Nina rafiki mmoja naye yuko tayari kucheza kwa hiyo mpinzani ninaye.

Sasa shida ni kwamba sitaki jeshi ambalo kila mtu analo. Kichwani nina watu wa kinamasi, wapiga mishale wanaojificha kwenye matete, mashujaa wa kutumia mikuki mirefu, na mamba wakubwa wanaokwenda nao vitani, jeshi lisilo na haraka lakini likishakaa mahali haling'oki. Je sheria za hii michezo zinaruhusu mtu kuja na kitu chake? Na ninunue nini kwanza maana naona maboksi makubwa yenye sanamu kibao sijui pa kushika. Kupaka rangi pia sijawahi kabisa. Naombeni mwongozo.

Dadu_Sita alijibu:

Karibu sana mkuu. Usinunue chochote kwanza, cheza. Najua mkono unawasha lakini nisikilize.

One Page Rules, hao ni watunzi wa michezo ya namna hii, wanatoa sheria zao za msingi bure, ni kurasa chache tu, na hawakulazimishi kutumia sanamu za kampuni yoyote. Kwa hayo mambo yako ya mamba na mikuki chukua mchezo wao wa Age of Fantasy, ila kuna ya vita vikubwa na kuna ya Skirmish, wewe anza na hiyo Skirmish ambayo kila sanamu inatembea kivyake na unahitaji kama sanamu 5 hadi 10 tu upande wako. Kata maboksi ya kadibodi, miduara ya milimita 25 kwa watu wa kawaida na milimita 40 kwa wakubwa, andika juu yake "mkuki", "mshale", "mamba", tafuteni dadu na futi ya kupimia, vitabu viwe vilima, na mko vitani jioni hiyo hiyo. Mechi chache za namna hiyo zitakufundisha unapenda kucheza vipi kuliko video zote ulizoangalia.

Ukitaka kuonja tofauti ipo Frostgrave, ilitoka 2015, una mchawi mmoja na mwanafunzi wake na askari wasiozidi 8, basi, watu 10 ndo jeshi zima na wanapanda uwezo kadri mnavyoendelea kucheza. Na wale wa majeshi ya kihistoria wana DBA tangu 1990, kila jeshi ni vipande 12 tu, kwa sanamu za milimita 15 meza ya sentimita 60 kwa 60 inatosha. Nakutajia hizi ujue kwamba hii hobi sio lazima ianze na sanamu mia. Mechi ya kawaida ya Warhammer 40,000, ule mchezo maarufu wa kampuni ya Games Workshop, ni pointi 2000 (kila kikosi kina bei yake ya pointi) kwenye meza ya inchi 44 kwa 60, ni nzuri sana lakini ukianzia hapo utapaka rangi mpaka uchoke kabla hujarusha dadu hata moja.

Mkuki_na_Ngao alijibu:

Mi nijibu hiyo ya kujitungia jeshi maana ndo sehemu naipenda kuliko zote.

Jibu fupi ndio inaruhusiwa, lakini njia rahisi sio kuandika sheria mpya, ni kuchukua orodha iliyopo inayopigana kama unavyotaka wewe halafu unabadilisha majina, sura na historia. Kwenye Age of Fantasy kuna jeshi la mijusi linaitwa Saurians, litazame, mamba wako watakaa pale vizuri kabisa. Mpinzani anachotaka ni kitu kimoja, akiangalia sanamu ajue ni nini: mwenye mkuki aonekane ana mkuki na mkubwa awe kwenye kitako (kile kibao sanamu inachosimamia) cha ukubwa ule ule ulioandikwa. Hapo hamtagombana.

Sasa kwenye kulipanga. Watu wengi wanaanza na "nani ana nguvu zaidi" na wanaishia na shujaa mmoja amekula nusu ya pointi, kisha anazungukwa na kila kitu kinaisha. Wewe anza na jinsi wanavyopigana, na bahati nzuri umeshasema, hawana haraka ila hawang'oki. Hiyo sentensi ndo jeshi lako, kila kikosi unachoweka kiulize kama kinaitii. Wapanda farasi wa mbio? Hapana, hata kama wana nguvu, waache. Jeshi lenye dawa ya kila kitu halina sura, na mpinzani wako naye anahitaji mahali pa kukupiga, mwendo wako wa polepole ndo mlango wake.

Halafu fanya hesabu ndogo ya dadu kabla hujapenda kikosi. Chukua mishale 12, wanapata kwa 4 kwenda juu, yaani dadu ikionyesha 4, 5 au 6, maana yake nusu, 6 inagonga. Adui mwenye kinga ya 5 kwenda juu atazuia theluthi, yaani 2, kwa hiyo 4 inaumiza. Mishale hiyo hiyo kwa adui mwenye kinga ya 3 kwenda juu, anazuia 4 zinabaki 2 tu. Umeona? Wapiga mishale wako ni hatari kwa watu wasio na deraya na kwa wenye deraya ni kama wanapoteza muda, sasa lazima mtu mwingine jeshini awe na silaha ya kutoboa, na hapo ndo mamba anapata kazi yake. Silaha yenye AP 1, yaani nguvu ya kutoboa deraya, inashusha ile kinga ya 3 iwe 4, badala ya 2 unapata 3 kwa dadu zile zile. Hesabu ya darasa la kawaida lakini inakwambia nani anamhitaji nani.

Na kitu wageni wengi hawakioni, mechi hazishindwi kwa kuua. Kwenye Age of Fantasy mnaweka alama kadhaa mezani, mnacheza raundi 4, na mwisho anayezishika nyingi ndo mshindi, kikosi kikiwa ndani ya inchi 3 na adui hayupo hapo. Jeshi lisilong'oka kwa mchezo wa namna hii ni zuri mno, ila hakikisha una vikosi vya kutosha vya bei ndogo vya kukaa kwenye alama, usiwe na majitu mawili na alama nne.

Brashi_Kavu alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa kidogo kwa Dadu_Sita. Kadibodi sawa, lakini mkuu ukiona sanamu moja ya mamba ikakuteka moyo ichukue. Sheria zinakuja na kuondoka, Warhammer 40,000 ilianza 1987 na toleo la 10 likatoka 2023, kule kwenye upande wa mapanga na mazimwi Games Workshop walisimamisha Warhammer Fantasy 2015 wakaleta Age of Sigmar, na watu wenye sanamu za zamani bado wanazicheza kwenye michezo mingine mpaka leo. Sanamu unayoipenda haitapitwa na wakati, na ndiyo itakayokurudisha kwenye brashi siku umechoka.

Rangi sasa. Chagua tatu, moja inayotawala, moja ya kusaidia, moja ndogo inayong'aa, na uzirudie kwa jeshi zima. Najua unafikiria kijani kwa sababu ya kinamasi, fikiria tena. Vitako vyako vitakuwa vya matope na majani, askari wa kijani juu ya kitako cha kijani ukisimama hatua mbili humuoni. Nguo za rangi ya mfupa, ngao nyekundu ya kutu, na manyoya ya samawati kidogo kichwani, hao wataonekana toka upande wa pili wa meza. Mamba abaki na kijani chake, hapo atakuwa wa kipekee.

Kazi yenyewe: plastiki ngumu za kuunganisha unatumia gundi ya plastiki ambayo inayeyusha kidogo na kushikisha, lakini za rezini au chuma hiyo haifanyi kitu, tumia supaglu. Za rezini zioshe kwanza kwa maji na sabuni maana zina mafuta, na ukizisugua kwa msasa vaa barakoa, vumbi lake sio la kuvuta. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, ni lazima, bila hiyo rangi inabanduka kwenye vidole. Akriliki ichanganye na maji kidogo, paka tabaka mbili nyepesi, usipake moja nzito inafunika sura ya sanamu. Halafu rangi ya majimaji ya kahawia iingie kwenye mikunjo, ikikauka vizuri kabisa chukua brashi yenye rangi nyepesi iliyofutwa karibu yote kwenye kitambaa, pitisha juu juu, magamba ya mamba yatainuka yenyewe utafurahi. Hiyo mbinu kwa magamba na manyoya ni kama imetengenezewa hayo.

Jaribu kwa sanamu moja mpaka mwisho kabla hujagusa nyingine, ukiridhika ndo unapaka tano tano. Kitako: gundi nyeupe ya mbao, mchanga, rangi ya kahawia nzito, na sehemu chache paka vanishi ya kung'aa iwe maji. Kinamasi tayari.

Kinamasi_Kikuu aliandika:

Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Nimeshakata kadibodi tayari. Nimeweka kiongozi mmoja, wa mikuki wanne, wa mishale watatu, na mamba. Swali la mwisho, mamba awe mmoja mkubwa sana au wawili wa kati? Na meza yetu iwekwe vitu kiasi gani, jana tulijaribu na wapiga mishale wangu walimaliza kila mtu kabla hajafika.

Mkuki_na_Ngao alijibu:

Wawili wa kati kwa sasa, mmoja akifa bado una wa kutoboa deraya, na unaweza kuwatuma kwenye alama mbili tofauti. Mkubwa mlete mkishapanda kwenye vita vya vikosi, huko wapinzani watakuwa na kitu cha kumkabili.

Hilo la mishale ni meza ilikuwa tupu. Jazeni angalau robo ya meza, na muhimu zaidi viwepo vitu viwili vitatu virefu katikati vya kuziba macho kabisa, mtu asione kona mpaka kona. Vichaka vidogo vinatoa kinga tu, havizibi. Rafiki yako akipata njia ya kukusogelea akiwa amejificha utaanza kuwahitaji hao wa mikuki, na wawili uwaweke mbele ya mishale tangu raundi ya kwanza.