Maikrofoni za bei nafuu na za bei ghali kwa kurekodi msitu kwa stirio: tofauti iko wapi?

Mrekodi wa Muheza:
Ndugu zangu, ninajiandaa kurekodi kwa stirio sauti za alfajiri katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, pamoja na ngoma za vijiji vya jirani. Kinasa sauti ninacho, na kinatoa umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maikrofoni za kondensa. Fedha yangu inatosha jozi ya Rode NT5, lakini mtu ninayemwamini ananishauri nivute subira hadi niweze kununua jozi ya Sennheiser MKH 8040, ambazo kila moja huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Je, tofauti hiyo itasikika katika kazi yenyewe, au nitakuwa ninalipia jina tu?

Sikio la Pwani:
Ndugu, kwa ngoma usisubiri. Ngoma ikilia mita chache mbele yako, hufunika kabisa mvumo ambao kila maikrofoni huuzalisha yenyewe, na NT5 itakutosha.

Msituni mambo ni mengine. Mvumo wa NT5 ni desibeli 16, wa MKH 8040 ni 13, na wa Behringer C-2, ambayo ni ya bei ya chini kabisa, ni 19. Kila desibeli 3 zinazopungua hupunguza nguvu ya mvumo kwa nusu. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ndege hawajaamka, utalazimika kupandisha sana kiwango cha kurekodi ili upate matone ya umande yanayoanguka kutoka jani hadi jani, na hapo ndipo utasikia "shhh" nyembamba iliyotanda chini ya kila kitu. Ukijaribu kuiondoa baadaye kwa programu, utaondoa na sauti za wadudu, kwa sababu vyote viwili hukaa katika masafa yale yale ya juu.

Hata hivyo, utulivu haununuliwi kwa bei peke yake. Rode NT1, yenye utando (ngozi nyembamba inayotetemeshwa na sauti) wa inchi moja, ina mvumo wa desibeli 4.5 tu, nayo ni nafuu mno ikilinganishwa na MKH. Gharama yake ni ya namna nyingine: ni nzito, hushika upepo kwa urahisi, na sauti zinazoingia kwa pembeni hazisikiki kama zilivyo, jambo ambalo katika stirio si dogo.

Fundi Mitambo:
Nakubaliana na hayo, ila unyevu umesahaulika, nao ndio sababu kubwa ya watu wa msituni kukubali kulipia MKH. Katika maikrofoni nyingi za kondensa, kapsuli, yaani sehemu inayonasa sauti, hufanya kazi kwa ukinzani mkubwa mno wa umeme, kwa hiyo unyevu kidogo ukitua juu yake umeme huvuja, na wewe unasikia mikwaruzo. MKH huiweka kapsuli ndani ya mzunguko wa masafa ya redio wenye ukinzani mdogo, ndiyo maana hustahimili ukungu wa milimani. Ukienda na NT5 au NT1, zihifadhi katika kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na usizitoe kwenye gari lenye kiyoyozi na kuziwasha papo hapo.

Mrekodi wa Muheza:
Ninashukuru sana. Kuna njia ya kati kwa mwenye fedha ya NT5?

Sikio la Pwani:
Ipo, na kwa msitu mimi ningeichagua kabla ya NT5. Tafuta jozi ya maikrofoni ndogo zenye kapsuli za Primo EM272, ambazo husikia pande zote na mvumo wake ni desibeli 14. Hakikisha tu zinaendana na umeme wa kinasa sauti chako. Zifunge pande mbili za shina la mti mnene, ili shina lenyewe litenganishe kushoto na kulia. Fedha itakayobaki inunue vizuia upepo vya manyoya, kwa maana upepo huharibu rekodi ya maikrofoni ya bei yoyote.

Ukiamua kubaki na NT5, tumia mpangilio wa ORTF, yaani sentimita 17 kati ya kapsuli na pembe ya digrii 110. Kabla ya kulipa, ziweke sambamba zikigusana, rekodi sauti moja, kisha geuza mawimbi ya upande mmoja juu chini na uchanganye pande zote mbili. Jozi iliyolingana vizuri itabakiza karibu kimya kabisa. Kinachobaki kikiwa kingi, omba ubadilishiwe.